Bondia wa kike naye ni mfanyakazi

Huku kwetu Bwera na Mpondwe ngumi zina wapenzi wengi. Pambano kubwa likipiganwa Kampala, Nairobi au ng'ambo, habari zake huvuka mto Lhubiriha hadi Kasindi upesi, na vijana hubishana juu yake sokoni na kwenye foleni ya mshahara. Hubishana nani kashinda, kwa raundi ngapi, na nani kapendelewa na waamuzi. Swali lisilosikika sana ni hili: yule aliyepigana amelipwa kiasi gani, kwa mkataba gani, na mwili wake ukichoka atakula nini?

Katika toleo hili tumeona yafaa kueleza kazi ya mwanamke bondia wa kulipwa, tangu anapoingia hadi anapotoka. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, wasichana wa Afrika Mashariki wanaovaa glavu wameongezeka, na wengi wao ni watoto wa wafanyakazi kama sisi. Hapana budi mzazi ajue mtoto wake anaingia kazi ya namna gani. Pili, kazi hii inaonyesha wazi jambo ambalo kiwandani na shambani limefichika kidogo, yaani kwamba mfanyakazi huuza nguvu za mwili wake, na mwili una kikomo.

RIDHAA NA KULIPWA

Ngumi ziko za namna mbili. Ngumi za ridhaa ni zile za mashindano ya klabu, ya taifa, ya Afrika na ya Olimpiki. Ngumi za kulipwa ni zile ambazo bondia hupigana kwa fedha iliyotajwa katika mkataba, pambano kwa pambano.

Uganda imepata jina katika namna zote mbili. Ayub Kalule alitwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa mwaka 1979, na John Mugabi alileta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Klabu za jeshi, polisi, magereza na Baraza la Jiji la Kampala zililea mabondia wengi. Hapo pana jambo la kuangaliwa na kila mwanachama. Bondia wa klabu ya namna ile, kama alikuwa mwajiriwa wa idara, alikuwa na mshahara wa mwezi. Akivunjika kidole ulingoni, mwisho wa mwezi jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya malipo.

Bondia wa kulipwa hana orodha hiyo. Promota anayeandaa pambano ni mtu aliyemkodi kwa usiku mmoja. Kwa upande huo bondia amefanana na kibarua wa siku, ila kibarua hulipwa kwa kila siku anayofanya kazi. Bondia aweza kukaa nusu mwaka bila pambano, na muda wote huo kila alfajiri anakimbia na kila jioni anapiga mfuko wa mchanga. Mazoezi hayo ndiyo sehemu kubwa ya kazi yake, na hakuna anayeyalipa.

Wanawake waliingia mchezo huu kwa kuchelewa kwa sababu mlango ulifungwa. Olimpiki iliwakubali mabondia wa kike mara ya kwanza mwaka 2012 mjini London. Mwanamke wa kwanza wa Uganda kupigana ngumi katika Olimpiki alikuwa Catherine Nanziri, katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Kwa hiyo wanawake waliochukua ngumi miaka ya nyuma hawakuwa na Olimpiki ya kuitumainia. Waliotaka kuendelea walikimbilia ngumi za kulipwa, wakiwa hawana mtangulizi wa kuwaonya.

CONJESTINA NA FIONA

Mfano unaojulikana zaidi katika Afrika Mashariki ni Conjestina Achieng', aliyezaliwa mwaka 1977 na ambaye kwao ni Siaya, magharibi ya Kenya. Mashabiki walimwita "Mikono ya Jiwe". Katika miaka ya mwanzo ya 2000 alipambana na Mganda Fiona Tugume kugombea ubingwa wa uzito wa kati wa Shirikisho la Kimataifa la Ngumi za Wanawake, WIBF. Conjestina alishinda, na tangu hapo amekuwa akitajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika ubingwa wa kimataifa wa ngumi. Jina lake lilijulikana mpaka kwa watu wasioangalia ngumi. Wasichana wa shule waliokuwa wakiambiwa kwamba ngumi ni za wanaume walipata jina la kujibia.

Fiona Tugume naye asisahauliwe. Pambano halifanyiki kwa mtu mmoja. Aliyeshindwa amefanya mazoezi yaleyale, amepanda ulingo uleule na amepokea mapigo, pengine mengi zaidi. Sisi wa viwandani tunaelewa: gunia halijazwi na mkono mmoja. Lakini katika ngumi mshindi huondoka na mkanda, na mshindwa huondoka na sehemu ndogo ya fedha. Bila yeye, hata hivyo, promota asingeuza tiketi.

FEDHA YA PAMBANO HUGAWANYWAJE

Watu wakisikia kwamba bondia amepigania shilingi milioni moja, hudhani amerudi nyumbani na milioni moja. Tupige hesabu ya mfano.

Katika nchi nyingi meneja wa bondia huchukua hadi theluthi moja ya fedha ya pambano, na mwalimu wa mazoezi huchukua sehemu moja ya kumi. Tuseme meneja huyu ana huruma kidogo na amechukua shilingi 300,000. Mwalimu akichukua 100,000, zimebaki 600,000. Sasa toa nauli na malazi, 100,000. Toa vipimo vya daktari na leseni, 80,000. Toa glavu, bandeji za mikono na viatu, 70,000. Zimebaki 350,000. Kama alijiandaa kwa majuma 10, basi amepata shilingi 35,000 kwa juma, yaani 5,000 kwa siku. Na hapo hatujahesabu chakula, ambacho mtu wa mazoezi hula kingi, wala mtu wa kumtunzia watoto wakati yuko mazoezini.

Mchuma chai anaufahamu ugonjwa huu. Anajua kilo alizochuma na anajua kilo zilizoandikwa baada ya mizani kusema na makato kupita. Tofauti ni kwamba mchuma chai anaweza kumwita mwakilishi wa tawi asimame kando ya mizani. Bondia husimama peke yake mbele ya promota, na mara nyingine meneja anayepaswa kumtetea ni rafiki wa promota huyohuyo.

Kwa hiyo mkataba usomwe kabla ya sahihi. Uonyeshe fedha ni kiasi gani, italipwa lini, na kama sehemu yake italipwa kabla ya pambano. Uonyeshe nani analipa daktari na hospitali bondia akiumia. Uonyeshe itakuwaje pambano likiahirishwa wakati yeye amekwisha kujiandaa. Uonyeshe pia meneja amefungwa naye kwa miaka mingapi, maana wapo mabondia waliotia sahihi wakiwa wadogo wakajikuta hawawezi kutafuta kazi kwingine.

KAZI YA SAFARI

Mkenya Fatuma Zarika atatufundisha upande mwingine wa kazi hii. Tarehe 1 Oktoba 2016 alikwenda Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani, akamshinda Alicia Ashley, bondia mzoefu aliyekuwa na umri wa miaka 49, na kutwaa ubingwa wa dunia wa Baraza la Ngumi la Dunia, WBC. Siku ile Zarika hakuwa mgeni katika kazi. Alikuwa amekwisha kupigana kwa miaka mingi na kushindwa zaidi ya mara kumi.

Msomaji asishangae. Bondia wa nchi maskini akiitwa ng'ambo, mara nyingi huitwa ili ashindwe. Mwenyeji ana promota, ana mashabiki, na ana majuma mengi ya kujiandaa. Mgeni huweza kupewa habari kwa kuchelewa, akasafiri usiku kucha, akapima uzito na kupigana kabla usingizi wa safari haujamtoka. Hukubali kwa sababu fedha ya safari moja inazidi ya mapambano kadhaa ya nyumbani. Anayetoka katika njia hiyo na ubingwa mkononi amefanya jambo kubwa.

Baada ya kutwaa ubingwa Zarika aliutetea nyumbani Nairobi, akiwashinda Catherine Phiri wa Zambia na Yamileth Mercado wa Meksiko. Mwaka 2019 alirudiana na Mercado huko Meksiko, na safari hii Mercado akashinda. Kwa hiyo ubingwa wa dunia ulikaa kwa Zarika muda wa miaka mitatu hivi. Katika ngumi hicho ni kipindi cha kusifiwa. Katika maisha ya mtu mwenye watoto wa kusomesha, miaka mitatu ni michache sana.

MWILI NDIO CHOMBO CHA KAZI

Mtu wa kiwanda cha saruji anajua vumbi linavyokaa kifuani. Mchimba chumvi wa Katwe anajua maji ya ziwa yanavyokula ngozi. Kwa bondia hatari kubwa ni ubongo.

Mwaka 1928 daktari wa Marekani, Harrison Martland, aliandika juu ya mabondia waliokuwa wakipepesuka na kusema kwa ulimi mzito miaka kadhaa baada ya kuanza kupigwa kichwani. Daktari huyohuyo ndiye aliyekuwa amechunguza, mwaka 1925, maradhi ya wasichana wa kiwanda waliopaka saa rangi yenye madini ya radiamu, wakaoza mataya na kufa huku mwenye kiwanda akikana. Makundi yale mawili yalifikwa na jambo moja. Madhara hayakuonekana siku ya kazi. Yalikuja polepole, wakati ambapo aliyefaidika na kazi ile alikuwa tayari kusema kwamba hahusiki.

Elimu ya leo inasema kwamba hatari haiko katika pigo moja la kuangusha tu. Mapigo madogo mengi, pamoja na yale ya mazoezini, hujumlishana. Kwa hiyo bondia aliyeangushwa na kuzimia lazima apumzishwe kwa majuma kadhaa au miezi, asirudi hata kwenye mazoezi ya kupigana mpaka daktari amruhusu. Kwa mwenye kulipwa kwa pambano, kupumzika maana yake ni kukosa chakula. Ndiyo sababu mabondia wengi huficha maumivu, kama vile kibarua anavyoficha homa ili asikose siku yake.

Mwanamke ana mambo yake zaidi. Kabla ya pambano hupimwa kama ana mimba, kwa usalama wake na wa mtoto. Wote, wake kwa waume, hupimwa damu na macho. Pana pia jambo la kupunguza uzito. Bondia huacha kunywa maji na kujitoa jasho ili afikie kilo zilizoandikwa, na mwili uliokauka maji hustahimili mapigo vibaya. Mzazi akiona mtoto anafunga kinywa siku mbili kabla ya mizani, aulize nani aliyempangia uzito ule.

HAKI ILIPATIKANA KWA KUDAIWA

Ndugu wafanyakazi, yafaa tujue kwamba hata ruhusa ya kupigana wanawake hawakuipewa bure. Jimbo la New York lilitoa leseni kwa mabondia wa kike mwaka 1978, baada ya wao kulishtaki. Mmoja wa waliopata leseni ile ni Marian Trimiar. Mwaka 1987 mama huyu aligoma kula kwa muda wa mwezi mmoja, akidai mabondia wa kike walipwe vizuri na kuheshimiwa kazini.

Kule Uingereza alikuwako Jane Couch wa mji wa wavuvi wa Fleetwood, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha peremende. Alikuwa amekwisha kuwa bingwa wa dunia wa WIBF mwaka 1996, lakini Bodi ya Kusimamia Ngumi ya Uingereza ilimnyima leseni ya kupigana kwao. Bodi ilijitetea kwamba siku za hedhi humfanya mwanamke asiwe thabiti. Couch alipeleka shauri lake kwenye baraza la kesi za kazi, lile lile linalosikiliza malalamiko ya watu wa viwandani na maofisini. Mwaka 1998 baraza likaamua kwamba alibaguliwa kwa sababu ya jinsia yake. Mwezi wa Novemba mwaka uleule akapigana London kwa leseni.

Mzozo uliobaki ni wa muda na malipo. Katika mapambano ya ubingwa wanaume hupigana raundi 12 za dakika tatu, jumla dakika 36. Wanawake wamekuwa wakipewa raundi 10 za dakika mbili, jumla dakika 20. Wasimamizi, hasa WBC, husema ni kwa ajili ya afya ya wanawake. Mabondia wengine hujibu kwamba dakika pungufu zimekuwa kisingizio cha mshahara pungufu. Mwaka 2023 Amanda Serrano wa Puerto Rico alipigana raundi 12 za dakika tatu na kushinda, kisha akauacha ubingwa wa WBC kwa kuwa baraza hilo halikubali. Sisi hatumwambii bondia apigwe kwa dakika nyingi zaidi. Tunasema neno la kale la vyama vya wafanyakazi, ambalo Shirika la Kazi Duniani lililiandika katika Mkataba wake Namba 100 wa mwaka 1951: kazi yenye thamani sawa ilipwe sawa kwa mwanamume na mwanamke. Tarehe 30 Aprili 2022 Serrano na Katie Taylor wa Ireland walipigana pambano kuu katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, na ukumbi ulijaa. Basi asituambie mtu kwamba wanawake hawavuti watu.

SIKU YA KUVUA GLAVU

Sasa turudi kwa Conjestina. Alikuwa bado hajafikia umri wa miaka arobaini wakati Kenya nzima iliposoma habari kwamba anaugua maradhi ya akili na hana kitu. Alilazwa hospitali ya Mathari, Nairobi. Kwa miaka mingi baadaye habari zake zilikuwa za wasamaria na michango. Mwaka 2022 alipelekwa Mombasa kutibiwa kwa msaada wa mwanasiasa mmoja. Chanzo cha ugonjwa wake ni jambo la madaktari, na si vyema watu wa sokoni kukikisia. Maradhi ya akili humpata karani, mkulima na mwalimu vilevile.

Linalotuhusu sisi ni jingine. Mtu aliyeipa nchi yake ubingwa alitegemea huruma ya watu ili atibiwe. Huruma huja leo, na kesho huenda kwa mwingine. Malipo ya uzeeni na fidia ya ajali huja kwa sababu sheria inasema yaje, na mtu huyapokea bila kupiga magoti.

Katika Uganda sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe aliyeumia kazini, na aliyelemaa kabisa hulipwa kiasi cha mishahara ya miezi 60. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Sheria hizi humsaidia mwenye mwajiri. Bondia wa kulipwa, kama dereva wa bodaboda na mama anayevusha mizigo Mpondwe, hana wa kumwongezea zile asilimia 10. Lakini tangu sheria ya NSSF iliporekebishwa mwaka 2022, mtu anayejitegemea anaweza kujiandikisha na kuweka akiba kwa hiari. Bondia aliyepata fedha ya pambano na kuweka sehemu yake kabla ya kuigawa kwa jamaa amejilinda kwa namna ambayo mabingwa wengi hawakujilinda.

Kwa upande wa matawi yetu, yapo mambo yanayowezekana. Penye klabu ya michezo kazini, tawi lidai wasichana wapewe nafasi sawa na wavulana, na mchezaji ahesabiwe kuwa mfanyakazi anapoumia akiiwakilisha kampuni. Kijana mwenye kipaji ashauriwe asiache kazi yenye mshahara kwa ahadi ya pambano moja. Ajifunze fundi cherehani, udereva au uhasibu huku akifanya mazoezi, maana wachache huweza kuendelea na ngumi hata wakifika miaka arobaini, na baada ya hapo maisha bado ni marefu. Walioacha ngumi wasaidiwe kupata kazi ya kufundisha au ya uamuzi, ili ujuzi wao usipotee.

Na mabondia wenyewe waambiwe kwamba hakuna sheria ya maumbile inayosema mtu wa ngumi lazima awe peke yake. Wapangaji, madereva na wachuuzi wamejiunga pamoja wakapata kusikilizwa. Mabondia kumi wa wilaya moja wakikubaliana kwamba hakuna atakayepanda ulingo bila daktari kuwapo na bila nusu ya fedha kulipwa mapema, promota atalipa, kwa sababu ulingo mtupu hauuzi tiketi.

Hayo hayatangoja mkutano mkuu. Msichana akija kwako jioni na karatasi ya promota, iwe ni binti yako au wa jirani, isome naye mstari kwa mstari kabla hajaitia sahihi. Kama lugha ya mkataba ni ngumu, mlete ofisi ya tawi.